Nina digrii ya jiografia, niko Kigoma, nataka masta ya mipango miji. Nianzie wapi?

MchikichiGungu

Wakuu habari za usiku. Niko Kigoma mjini, huku Gungu, miaka 29. Digrii yangu ni jiografia na mazingira, nilimaliza 2020 na GPA ya 3.4, na toka 2021 niko na kikampuni kimoja cha upimaji na urasimishaji wa makazi. Kazi yangu ni kutembea na mpima, kuongea na wenye nyumba, jioni narudi kuchora kwenye QGIS, ile programu ya ramani, na katikati hapo kubishana na wazee maana huku kwetu mpaka wa kiwanja ni mchikichi aliopanda babu, sio bikoni (lile jiwe la mpaka la wapima), na mchikichi hauna koodineti.

Sasa kilichonileta hapa. Mwezi uliopita tulikua na kikao mtaa mmoja huku mlimani, mchoro tumeubandika ukutani, una barabara ya mita 6 imenyooka safi kabisa. Mzee mmoja akasimama akaniuliza mimi, sio bosi, kijana hiyo barabara yako inapita wapi, maana mama yangu tulipoenda kumzika jeneza tulilipitisha juu ya ukuta wa jirani, watu wanne upande huu watatu upande ule, na huo ukuta kwenye karatasi yako siuoni. Nikaangalia mchoro. Kweli ukuta haupo. Na nyumba mbili zilizojengwa baada ya ile picha ya setilaiti nazo hazipo. Nikasema tutalifanyia kazi mzee wangu. Si unajua jibu la ofisini.

Toka siku ile sina raha. Nimegundua nachora mistari kama nilivyoelekezwa, sijui kwa nini mita 6 na sio 4, sijui nani aliamua na nani atalipa wakibomoa. Ndo nikaanza kuwaza masta ya mipango miji. Mnivumilie maswali, je mtu wa jiografia wanampokea au watanirudisha nianze digrii upya, je niende Chuo Kikuu Ardhi pale Dar au nisubirie skolashipu ya nje maana kuna jamaa kaniambia usitoe hela yako wakati wazungu wanalipia, na akiba yangu ni milioni 4 na kitu iko saccos na mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa tatu, na la mwisho ambalo hata kuuliza naogopa, hivi ukishamaliza unapata nini? Bosi wangu hana masta na ndo anasaini michoro. Karibuni.

MwishoWaReli

Mkuu huku kila mtu anajipangia mji wake mwenyewe afu wewe unataka ukasomee kupanga 😂 hiyo milioni 4 nunua injini ya boti, samaki wa mgebuka hakuulizi GPA

DadaWaMichoro

MwishoWaReli wewe kila uzi upo.

Mdogo wangu hongera ya mtoto kwanza. Mimi niko ofisi ya ardhi kwenye halmashauri mojawapo huku magharibi, sitaitaja, mwaka wa 11 huu. Nianze na lile swali unaloogopa.

Masta peke yake haikufanyi uwe mtu wa kusaini. Mwaka 2007 zilitungwa sheria mbili, moja ni Sheria ya Mipango Miji ambayo ndo ilifuta ile ya mkoloni ya 1956, nyingine ni ya usajili wa wataalamu wenyewe, na hiyo ya pili ndo yenye bodi. Bosi wako anasaini kwa sababu kasajiliwa, hajasaini kwa sababu ya akili nyingi. Kwa hiyo kabla hujalipa hata ada ya fomu, waandikie bodi barua, useme nina jiografia, nikiongeza masta ya mipango miji ya chuo fulani mtanisajili au hamnisajili. Barua, sio simu. Jibu la simu halina muhuri, mwaka ukigeuka aliyekujibu kahamishwa na wewe umebaki na neno la mdomo.

La ajira serikalini ni hivyohivyo. Matangazo ya afisa mipango miji ambayo nimewahi kuyasoma mimi yanataka digrii ya kwanza ya mipango miji na vijiji au inayofanana nayo, na hilo neno "inayofanana" limeshaliza watu. Kuna kijana namfahamu alikuja na masta yake nzuri tu ya nje, digrii ya kwanza sosholojia, alizungushwa na makaratasi miezi minane mpaka akaenda zake kwenye shirika. Anaendelea vizuri, ila sio alichokua anataka.

Na hilo la ukuta, samahani nikuseme. Hapo hakuna kilichokosekana cha masta. Mchoro kabla haujaenda kwenye kikao unatembezwa mtaani kwa miguu, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, nyumba kwa nyumba. Nyie mmechora juu ya picha ya zamani mkaenda moja kwa moja kubandika. Mwambie bosi wako.

MchikichiGungu

Dada asante, umenisema na nimesemeka. Tulitembea kweli ila mtaa wa chini tu, kule juu ilinyesha tukasema tutarudi. Hatukurudi.

MwembeTabora

Kaka nimesoma uzi wako wote nikiwa kibandani nasubiri chai hapa Tabora, nikasema huyu ni mimi wa miaka kumi iliyopita.

Mimi nimezunguka sana. Nilianza cheti pale Chuo cha Ardhi Tabora, nikapiga kazi ya kushika rula na kufukia bikoni, nikaenda digrii Ardhi Dar, nikarudi kazini, baadae nikaenda tena kuchukua masta ya mipango na usimamizi wa miji palepale. (Ukikutana na wazee wa fani wanaiita UCLAS, toka 1996 ilikua chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndo 2007 ikasimama yenyewe. Usiwasahihishe.) Kuhusu kupokelewa usiwe na presha, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa masta ni GPA 2.7 na wewe una 3.4, na darasani kwetu tulikua na watu wa jiografia, wasanifu majengo, mchumi mmoja na mwanasheria aliyekua anabishana na kila kitu.

Kitakachokupa tabu ni studio. Mtu wa jiografia amezoea kuandika kurasa, pale unapewa eneo na kundi la watu sita mnaambiwa nendeni mkalete mpango. Sisi tulipewa mtaa mmoja upande wa Temeke, siku tatu tunahesabu vyoo, maduka, bomba, mahali bodaboda wanapoegesha, mtu anakufukuza na ufagio anajua umekuja kumwekea X ya kubomolewa. Tukarudi tukachora mpango tukaupaka rangi vizuri, njano makazi, kijani bustani, shule ya sekondari tumeiweka sehemu moja kubwa iliyo wazi tukajipongeza. Mwalimu akaja, hakusoma hata kichwa cha habari. Akatoa kalamu nyembamba ya bluu akachora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini ya ramani yetu akasema maji ya mvua yanapita hapa, nendeni mkaulize kwa nini sehemu kubwa hivyo Temeke haijajengwa. Mstari umepita katikati ya shule. Akaondoka zake. Kile ndo kitu nilicholipia ada, mengine yote ningeyasoma nyumbani.

Halafu historia, hilo somo watu wanalidharau. Utasoma mipango kabambe ya Dar ya 1949, 1968 na 1979, utaelewa kwa nini kuna Uzunguni na Uhindini na Uswahilini, nani alipewa kiwanja kikubwa chenye kivuli na nani alibanwa. Mimi nilizaliwa hapa Tabora nikijua mitaa iliyonyooka ni ya Mjerumani tu, kumbe miaka ya 1970 kulikua na mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, awamu ya kwanza Dar, Mwanza na Mbeya, ya pili ikaja hapa Tabora pamoja na Tanga, Morogoro na Iringa. Ile Sinza ya Dar unayoisikia kwa nyama choma ilitoka kwenye mradi huohuo. Wazo lilikua rahisi, serikali isijenge nyumba, ipime kiwanja, ilete barabara na maji, mwananchi ajenge mwenyewe taratibu. Ukishajua hivyo, na ukajua kwamba Dar hadi leo watu wengi zaidi wako makazi yasiyopangwa, ndo unaanza kuuliza maswali yenye kichwa.

Hela sasa. Ada siandiki namba hapa maana inabadilika, angalia tovuti ya chuo. Ila kinachomaliza mtu sio ada, ni chumba, nauli na kuchapisha ramani kubwa za rangi kila wiki ya kuwasilisha. Usipange Mwenge kwa sababu ya kuonekana mjini, tafuta Makongo au Changanyikeni uende darasani kwa mguu. Na milioni 4 na mtoto mchanga, kaka, haikufikishi mwisho.

BaiskeliMbili

Niongezee upande wa nje. Nilisoma Enschede, Uholanzi, pale ITC ambayo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Twente, mambo ya ramani na miji. Nilienda na baiskeli moja nikaibiwa, nikanunua ya pili ndo jina hili.

Skolashipu sio bahati nasibu kama watu wanavyosema, ni makaratasi na kalenda. DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, wana orodha ya kozi za uzamili kwa ajili ya watu wa nchi zetu, mipango ya miji na kanda imo, wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili NA digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Wewe umemaliza 2020. Shika kalamu upige hesabu usiku huuhuu, kama dirisha halijafungwa basi linafungwa. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, nao wanataka miaka miwili ya kazi, ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili, na kwenye kozi unazochagua unaweza kuweka pale UCL London kwenye kitengo chao cha DPU ambacho kazi yake ni miji ya nchi kama zetu. Rotterdam kuna IHS, taasisi ya mambo ya miji, masta ya mwaka mmoja. Ukiwa na mtoto mdogo mwaka mmoja na miaka miwili sio kitu kimoja hata kidogo, ongea na mke wako kabla hujaongea na sisi.

Barua ya kuomba. Nimesaidia watu kama kumi hivi kusahihisha, tisa zinaanza "tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuona miji iliyopangwa". Hakuna mtoto mwenye ndoto hiyo. Wewe una jeneza limepitishwa juu ya ukuta na mchoro wenye barabara ya mita 6, anza na hilo, mstari wa kwanza kabisa, na usiogope kusema kosa lilikua lenu.

Ila nikwambie ukweli kidogo, kule nilijifunza zana vizuri mno, sijajuta. Lakini supavaiza wangu alikua hajui mtaa wetu unafananaje, nikitaja mjumbe nafafanua, nikitaja shamba la ukoo nafafanua. Ardhi hutafafanua, ila kompyuta utapanga foleni. Chagua mateso yako.

Na wote watakuuliza kitu kimoja. Unataka kutafiti nini?

MchikichiGungu

BaiskeliMbili hapo ndo nimekwama. Nilikua nimeandika "Changamoto za ukuaji wa miji katika Manispaa ya Kigoma Ujiji". Ikoje?

DadaWaMichoro

Hicho ni kichwa cha hotuba ya mgeni rasmi.

MwembeTabora

😂😂 dada taratibu. Kaka kichwa kama hicho msimamizi atakurudishia mara nne. Tafuta kitu kimoja kidogo kinachokukera. Una ziwa hapo mlangoni, una reli ya SGR ya Tabora Kigoma kilomita 506 mkataba ulisainiwa 2022 na madalali washaanza kuzunguka mashambani, una michikichi yako. Kimoja.

MwishoWaReli

Sa ngoja niweke utani pembeni. Mimi nakaa Kibirizi. 2021 ziwa lilipopanda maji yaliingia kwa mjomba wangu mpaka chumbani, tulitoa kitanda na kabati kwa mtumbwi, shangazi amekaa juu ya godoro kashika redio. Nyumba ile ilijengwa mbali na maji, mimi mwenyewe utotoni tulikua tunacheza mpira kati ya nyumba na ziwa na uwanja ulikua unatosha magoli yote mawili. Baadae wakaja watu na futi ya kamba wakasema sheria inasema mita 60, wakapima kutoka maji yalipokua siku ile, wakasema mjomba kavamia ziwa. Mjomba akasema mimi sijavamia ziwa, ziwa limenivamia mimi. Wakacheka wakaandika wakaondoka.

Sasa nyie wasomi niambieni, mita 60 kutoka wapi?

MwembeTabora

MchikichiGungu. Tasnifu yako hiyo hapo, umeletewa na mtu wa mgebuka.

BaiskeliMbili

Aisee. Nimeinuka kwenye kiti.

Mita 60 ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Na swali la mjomba ni la kitaaluma kabisa, kwa sababu Tanganyika sio ziwa la kutulia. Ramani nyingi zinaandika usawa wake mita 773 kama vile limepigiliwa msumari. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na karne ya 19 mlango ule uliziba kwa tope na majani, ziwa likapanda miaka mingi mpaka kizuizi kikapasuka miaka ya 1870 mwishoni likaanza kushuka. Ndo maana pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, alipokutwa na Stanley 1871, ukisimama leo maji yako mbali, wakati enzi zile ulikua ni mji wa ufukweni kabisa. Kwa hiyo ardhi kati ya mnara na maji ni ardhi ambayo ziwa liliiacha, watu wakashuka wakajenga, na 2020, 2021 ziwa likawa linarudi.

Data ipo na ni ya bure. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia 1972, Sentinel-2 toka 2015 na hizo zina mita 10 kwa pikseli, unaweza kuchora mstari wa ufukwe mwaka kwa mwaka kwenye hiyohiyo QGIS yako. Usawa wa maji wenyewe unapimwa na setilaiti toka 1992. Kinachobaki ni kwenda kuuliza watu, na hapo unanizidi mimi na supavaiza wangu wote.

DadaWaMichoro

Hapo nimenyoosha mikono. Na jua kwamba sisi ofisini hilo swali hatuna jibu lake zuri. Tukipima kutoka majini leo, mwakani mstari umehama. Tukiweka bikoni za kudumu, tuziweke wapi, usawa wa mwaka gani? Ukileta jibu la kueleweka mimi mwenyewe nitalisoma, na sisomi tasnifu za watu.

Ila barua ya bodi usisahau.

MchikichiGungu

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Jumamosi nilienda Kibirizi, MwishoWaReli alinipokea pale stendi kumbe tunafahamiana kwa sura, tunakunywa kahawa sehemu moja. Shangazi yake kanionyesha alama ya maji, iko kwenye fremu ya dirisha la chumbani, vidole vinne juu ya kizingiti, wamepaka rangi upya ukuta wote ila pale kakataza wasipake. Kutoka ukuta wa nyuma mpaka maji ya leo nimehesabu hatua 47 zangu.

Nikauliza watu wanne tofauti ufukwe wa zamani ulikua wapi. Kila mmoja kanyoosha mkono kwake, mvuvi anasema palipokua na mtumbwi wa baba yake, mama wa dagaa anasema palipokua na vichanja vya kuanikia, na bibi mmoja mkongwe hakunyoosha kwenye mchanga, kanyoosha majini. Akasema pale kulikua na mchikichi wangu. Nikadhani anachanganya. MwishoWaReli akavua viatu akaingia mpaka magotini, akapapasa na mguu, akapiga kelele kipo, kisiki kipo. Nikavua na mimi. Nimekikanyaga, nimesimama juu yake na GPS ya mkononi nikasubiri itulie, kwa hiyo kuna mchikichi mmoja Kigoma una koodineti.

Barua ya bodi nimeituma jana. DAAD nimepiga hesabu, nimebakiwa na dirisha dogo sana nikichelewa nimekosa, so nimeamua naomba hiyo na naomba Ardhi pia, kitakachotangulia. Mke kasema mwaka mmoja sawa, miwili tuongee mtoto akishazaliwa.

Swali moja la haraka, transkripti yangu jina la kati wamekosea herufi moja, cheti kiko sawa. Hilo litanisumbua?

DadaWaMichoro

Litakusumbua sana. Kaape kwa wakili hati ya kiapo ya majina wiki hii, na uandikie chuo chako warekebishe, wanachukua muda. Njoo pm nikutumie mfano wa barua.